Nyota Niliyoiosha kwa Mikono Yangu

Nyota ile yenye mkia mimi sikuiona angani hata mara moja. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniuliza. Wenzangu wa rika langu hapa Bagamoyo, ukiwakalisha tu na kahawa, kila mmoja ataanza: mie niliiona hivi, mie niliiona vile, mkia wake ulifika mpaka baharini, mkia wake ulikuwa unavuma. Unavuma! Mkia wa nyota unavuma, ni nyuki? Uongo mtupu. Mimi nilikuwa ndani, sikutoka. Lakini katika wote hao hakuna aliyeishika nyota ile mkononi, akaiosha kwenye sahani, akaianika ikauke, na mimi niliishika. Kwa hiyo wakianza porojo zao, mie huchekea ndani ya leso, basi.

Zama zenyewe ni zile Wadachi hawajafika na bendera yao. Misafara ilikuwa inatoka na kuingia, wapagazi wamejaa mji mzima, na ukilala unasikia ngoma zao mpaka usingizi ukuchukue. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya mawe yenye ua, mtaa wa nyuma ya forodha, na ndani yake tulikaa watu watatu: mimi, bibi yangu mzaa mama, na mjomba wangu. Mama alifariki mimi nikiwa sijaota meno. Baba alikuwa mtu wa Ngazija, alirudi kwao, na habari yake iliishia hapo. Mjomba ndiye aliyenilea, na kama nilidekezwa, basi ni yeye aliyenidekeza.

Kazi ya mjomba ilikuwa kushona kanzu. Lakini ujana wake aliumalizia Unguja kwa Mgoa mmoja mpiga picha, akimshikia vyombo, na walipoagana alirudi na sanduku la picha la zamani, kuukuu, pembe moja imefungwa kwa uzi wa kushonea. Alirudi pia na chupa za dawa zinazonuka na boksi la vioo. Picha kwake haikuwa kazi, ilikuwa wazimu. Alikupiga ukitaka usitake. Kuku wote wa jirani walikuwa wamekwisha kupigwa picha, na jirani mwenyewe bado. Bibi alikuwa akisema, "Mwanangu huyu kanzu za watu zinaoza, yeye anahangaika na vivuli." Mjomba anaendelea tu kupuliza vumbi kwenye jicho la sanduku lake.

Mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba alikuwa fundi wa bunduki, kijana mrefu, na nilimpenda. Siwezi kusema uongo uzeeni. Nilikuwa nikimwona kwenye upenyo wa dirisha akipita na mtutu begani, anatembea polepole kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na mimi moyo unanidunda mpaka bibi ananiuliza kama nina homa. Alikuwa ameajiriwa kwenda bara na msafara mkubwa utakaoondoka baada ya mvua za vuli, awe anatengeneza bunduki njiani. Ndoa ikapangwa ifungwe kabla hajaondoka. Bibi akaniingiza ndani.

Kuingizwa ndani, kwa msiojua siku hizi, ni hivi. Mwali anawekwa chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, asipigwe na jua. Anasuguliwa msio wa liwa na manukato, anapakwa mafuta ya nazi yaliyotiwa asmini, anafukizwa udi na ubani, anafundwa. Mlangoni pana pazia zito, na mwanamume halivuki pazia lile, awe baba, awe nani. Na ukishaingia hutoki ila kwa ndoa. Mwali akitoka mikono mitupu, mji mzima unakaa barazani kutafuta kasoro yake iko wapi.

Sikumaliza hata chombo cha kwanza cha msio, nyota ikatokea.

Niliisikia kwanza. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia watu njiani, mwanamke analia, mtu anasoma kwa sauti ya juu, halafu mjomba anakimbia uani viatu mkononi. "Mama! Amka! Lo, amka uone!" Bibi akatoka, akarudi amejifunika gubigubi, akakaa karibu yangu bila kusema neno. Na bibi yangu kukaa bila kusema neno, hilo peke yake lilinitia hofu kuliko nyota.

Mchana wake wakaja watu kutoka kwa mchumba. Hapo lazima niseme habari za shangazi yake. Yule kijana hakuwa na mama, alilelewa na dada wa baba yake, mwanamke mnyoofu, mweusi wa kung'aa, hacheki ovyo, na neno la nyumba ile lilikuwa lake. Neno alilolituma lilikuwa moja tu: ndoa haifungwi mpaka nyota ile iondoke.

Wengine walisema ana ushirikina. Bibi hakusema. Bibi alijua. Shangazi yule mwenyewe aliolewa msichana, na usiku wa harusi yake palikuwa na nyota kama ile juu ya mji. Watu walimwambia si kitu. Mume wake akaondoka na msafara, akaenda bara, na mpaka leo ninavyoandika hakurudi, wala habari yake, wala kofia yake. Hakuna aliyemwambia amekufa. Aliachwa hivyo hivyo, si mke si mjane, miaka na miaka, mpaka akapewa mtoto wa kaka yake kumlea. Na sasa mtoto huyo naye anaondoka na msafara, na nyota imerudi. Wewe ungesemaje?

Lakini na mimi nilikuwa na yangu. Nyota ikikaa mpaka vuli iishe, msafara utaondoka, naye ataondoka nao. Wanaume waliokwenda bara zama zile walikaa miaka, na wengine walioa huko huko wakasahau hata harufu ya bahari. Uchumba wangu ungekufa kifo cha kimya, na mimi ningetoka chumbani mikono mitupu. Nililia. Nililia mpaka msio ukanitoka usoni kwa mistari, na bibi akaupaka upya huku anagomba.

Mjomba yeye alikuwa kama mtu aliyeletewa zawadi. Kila alfajiri yuko uani, shingo imepinda, na akimaliza anakuja nyuma ya pazia kunihadithia. "Mkia ndio unaotangulia kutoka, mama wee. Unachomoza upande wa bahari, unapanda, unapanda, na kichwa bado hakijaja. Halafu kichwa kinatoka nyuma, kama mtu aliyechelewa." Nikamwambia mjomba, mimi sitaki kujua inatokaje, nataka kujua inaondoka lini. Akasema kitu kilichonifanya nikae kitako. Alisema, "Inapungua. Juzi mkia ulifika juu ya mnazi wa jirani. Leo haufiki. Nyota inakwenda zake."

Akavaa kanzu nzuri akaenda kumwambia yule shangazi. Alirudi upesi.

"Kasemaje?" bibi akamuuliza.

"Kaniuliza, nitajuaje?"

"Si atazame!"

"Haitazami. Amekula kiapo. Anatoka kutawadha leso imeshuka mpaka kidevuni, anapapasa ukuta."

Nilimsikia mjomba akikuna ndevu zake nyuma ya pazia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa, "Kama yeye haendi kwa nyota, basi nyota itapelekwa kwake. Nitaipiga picha sasa hivi ikiwa kubwa, nitaipiga tena ikiwa ndogo. Aziweke pamoja azione mwenyewe."

Bibi akamwambia amerukwa na akili. Lakini hakumkataza.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba nyota haitulii. Kuku unaweza kumfunga mguu. Nyota inapanda, na sanduku lazima likae jicho wazi muda mrefu, kwa hiyo picha inatoka imeburutika kama uji uliomwagika. Mjomba alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha kuliinua sanduku pole kwa pole, na alichokipata kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi yetu ilikuwa ile ya kukunja, mbao mbili zinazopitana kama mkasi. Aling'oa chuma chake, akafunga sanduku juu ya ubao mmoja, akaielekeza bahari. Ukiusukuma ubao kwa chini, jicho linapanda pamoja na nyota. Pembeni ya sanduku akafunga mwanzi mtupu, na mwisho wa mwanzi akachomeka sindano yake ya kushonea, ili akichungulia akiweke kichwa cha nyota kwenye ncha ya sindano kisitoke. Bibi aliiona mbuzi yake akapiga yowe. Kwa siku zote zile tulikula vyakula vya bila nazi, na kila tonge alimkumbusha mjomba.

Ubao ulikuwa unakwama na kuruka. Mjomba akaenda kwa mchumba wangu kuomba parafujo ya bunduki. Mchumba hakumpa parafujo, alikuja nayo mwenyewe. Nilimsikia uani! Nilisikia anagonga chuma, anauliza, anakohoa. Alitia parafujo ndefu chini ya ubao, ukiizungusha kidogo tu ubao unapanda kidogo tu, laini kama samli. Alijua mimi niko ndani, maana alikuwa anakohoa kuliko mtu mwenye kifua. Na mimi nikakohoa. Bibi akanifinya.

Shida ya pili ilikuwa mimi. Kioo cha picha kikitoka kwenye sanduku lazima kioshwe gizani kwa dawa, na nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja tu cha giza. Changu.

"Mwanamume haingii," bibi akasema.

"Basi chombo kitaingia peke yake," mjomba akajibu. "Mtoto ataosha. Mimi nitasimama nyuma ya pazia nimwelekeze."

Ndivyo nilivyokuwa fundi wa picha. Mjomba alinifundisha kwa sauti tu, nami sikuwahi kuuona uso wake anaponifundisha. Sahani ya kwanza ni dawa inayoitoa picha. Sahani ya pili ni dawa inayoishikilia isikimbie. Halafu maji ya mvua kutoka kwenye mtungi, si ya kisima, kwa sababu kisima chetu kina chumvi. Upande mmoja wa kioo umepakwa dawa, ule usiguswe kamwe, kishike kwa kingo. Mwanga usiwepo, ila mwekundu. Mgoa wake alikuwa na taa ya kioo chekundu. Sisi tulikuwa na chetezo. Makaa ya kufukizia udi yakishika vizuri yanatoa mwekundu wa kutosha kuona vidole vyako, na kioo hayakidhuru. Kwa hiyo bibi akawa mshika taa, na kila mara ananong'ona kwamba katika wali wote aliowafunda hajapata kuona mambo haya.

Kioo cha kwanza alikiharibu bibi. Naliandika hili kwa furaha, maana alikataa mpaka kaburini. Nilikuwa nimeinamia sahani, dawa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi, naye akaona makaa yanafifia, akatupia ubani, kama mkono wake ulivyozoea miaka yote. Ubani ukawaka moto. Puu! Chumba kizima kikawa mchana. Kioo kikawa cheusi chote kama sufuria.

"Kuna nini?" mjomba akapiga kelele.

"Hakuna kitu," bibi akasema. "Vioo vyako vibovu."

Lakini kilichofuata kilitoka. Ee, siku ile! Nilikuwa nakitikisa kioo kwenye sahani kama alivyoniambia, sioni kitu, nikasema haya, mjomba naye amekosa. Halafu pale chini pakatokea doa. Doa likawa kichwa. Na kutoka kwenye kichwa ukaanza kutoka mkia, taratibu, unatambaa juu ya kioo, mpana, umepinda kidogo kama unyoya wa jogoo, na unazidi, unazidi, mpaka ukafika ukingoni. Nilipiga kelele. Watu wote walikuwa wameiona nyota ikichomoza kutoka baharini, na mimi niliiona ikichomoza kutoka mikononi mwangu. Nilimwita mjomba, nikasema imekuja, imekuja, na nyuma ya pazia nikamsikia mtu mzima yule anacheka peke yake kama mtoto.

Kwenye kioo nyota hutoka nyeusi. Mjomba akatuambia tukilaze juu ya kaniki, kitambaa cheusi, tuwashe koroboi, tukitazame kwa ubavu. Tukafanya. Nyota ikageuka nyeupe, ya fedha, imelala kwenye kaniki ya bibi. Bibi aliitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni nzuri," halafu akatubu.

Tulikuwa na nyota kubwa. Sasa ilibaki kungoja nyota ndogo, na mvua za vuli zikaingia. Mawingu kila alfajiri. Mjomba alikaa uani na sanduku lake limefunikwa ngozi, analowa, anasubiri tundu. Habari za msafara zikawa kubwa zaidi kila siku, mizigo inafungwa, wapagazi wanahesabiwa. Boksi la vioo lilikuwa limekwisha, kimebaki kimoja tu, maana vingine mjomba alikuwa amevipigia kuku. Nilimchukia kila kuku wa mtaa ule kwa jina lake.

Alfajiri moja mawingu yakafunguka. Nilijua kwa vile nilivyosikia parafujo inalia polepole na mjomba anavuta uradi wake, kila tasbihi anazungusha kidogo. Bibi alikuwa ananipaka mafuta wakati ule, maana harusi iwepo isiwepo yeye hakukosa hata siku moja kunipaka. Mikono yangu ilikuwa inateleza. Mjomba akaja mbio, akasukuma kioo chini ya pazia ndani ya mfuko wake mweusi. "Upesi, mwanangu, ndicho hicho, hakuna kingine!" Na mimi kwa pupa yangu nikakitoa, na kikaniteleza, na ili kisianguke nikakidaka. Kwa kidole gumba. Upande wa dawa.

Nilijua hapo hapo. Nikakitia kwenye sahani hivyo hivyo, kwani nifanyeje? Nyota ikatoka. Kichwa kidogo, mkia mfupi, mwembamba, si kitu mbele ya ule wa kwanza. Ilikuwa kweli, nyota ilikuwa inakwenda zake. Lakini katikati ya mkia palikuwa na kidole changu, chote, na mistari yake yote, kitupu. Penye mafuta dawa ilikataa kushika. Mkia ulikuwa umekatwa.

Nikakaa chini nikalia. Mjomba alipoambiwa alishusha pumzi moja ndefu, kisha, Mungu amrehemu, akasema, "Si kitu, mwanangu. Kuna wapiga picha Unguja wanatia vidole kuliko hivyo." Lakini alisema tena kwa sauti ya chini, nikamsikia, kwamba yule mwanamke akiona picha imechezewa hataamini hata ile nzima. Bibi akasema, "Ataambiwa ilivyokuwa. Mwali wangu haanzi ndoa kwa kuficha."

Shangazi mtu akaitwa, akaja jioni ile, amejitanda, na mvua imemlowesha mabega. Yeye ni mwanamke, kwa hiyo alilivuka pazia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa kwenye mkeka. Mjomba alibaki nje, lakini vidole vya miguu yake vilikuwa vinaonekana chini ya pazia.

Bibi akaweka kioo cha kwanza kwenye kaniki. Yule mama hakukitazama mara moja. Alitazama koroboi, alitazama ukuta. Nikaona anakunja na kukunjua pindo la leso, na mimi niliyekuwa namwogopa nikamwonea huruma. Kisha akashusha macho.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii hii."

Bibi akaweka cha pili pembeni. Yule mama akaangalia huku, akaangalia huku. Akainama karibu zaidi.

"Nani kaikata?"

"Mimi, mama," nikasema. "Haikukatwa. Ni kidole changu. Nilikuwa nimepakwa mafuta, kikateleza, nikakishika pabaya. Nisamehe."

"Mafuta gani?"

"Ya nazi, mama. Na asmini."

Akaukamata mkono wangu. Akakibinua kidole gumba kwenye mwanga wa koroboi, akakitazama, akatazama kioo, akatazama kidole tena, mstari kwa mstari. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nyuma ya pazia vidole vya mjomba vilikuwa vimejikunja.

"Ilipokuja ya kwangu," akasema, na hakuwa anasema na sisi, "watu wote walikimbia ndani. Walinifunika na mashuka. Hakuna aliyethubutu kuikabili. Ikafanya ilivyotaka." Akakaa. "Na huyu kaiwekea kidole."

"Kwa bahati mbaya, mama," nikasema.

"Mbaya, nzuri, kidole kimekaa."

Akavuta pumzi, akajifunga leso yake vizuri. "Ndoa Ijumaa hii," akamwambia bibi. "Na kioo hiki cha kidole nakichukua mimi."

"Lakini kile ni kioo changu cha..." mjomba akaanza nyuma ya pazia.

"Nyamaza!" akasema bibi, na akapiga kigelegele kilichowaamsha mpaka kuku waliopigwa picha.

Tukaoana. Nilipotolewa ndani mawingu yalikuwa yamefunga tena, na yalipofunguka nyota haikuwepo, ndiyo maana nasema sikuiona. Sikuitafuta pia. Nilikuwa na mambo mengine. Mume wangu alikuwa anakohoa vile vile kama uani, na nikamwambia sasa unaweza kuacha, tumo chumba kimoja. Tulicheka siku zile zote tulizopewa, halafu ngoma ya msafara ikapigwa, akatia parafujo zake mfukoni akaondoka.

Nikahamia kwa shangazi yake. Tuliishi vizuri. Watu walidhani tutagombana, lakini mwanamke yule alijua kungoja, na alinifundisha namna ya kungoja bila kuharibu siku. Tulilima mihogo Mbegani, tulisuka mikeka, tulipika. Habari mbaya zikija kutoka bara, ugonjwa, njaa, vita njiani, yeye aliinuka kimya, akaenda kwenye kasha lake, akakaa huko kidogo, akarudi tukaendelea na mkeka. Sikumuuliza. Mimi nilikuwa na machozi yangu, na kila mtu na dawa yake.

Mume wangu alirudi. Nitawaambia mara moja, msihangaike. Bunduki zikalia upande wa njia ya bara, mji ukamiminika, na mimi nikasimama mlangoni miguu haiendi, mpaka nikauona ule mwendo wa mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alikuwa amekonda, mguu mmoja unamsumbua, na alikuwa mzima.

Nyumba ilipotulia kidogo, mjomba yupo, bibi yupo, tumezunguka sinia la wali, shangazi akaenda kwenye kasha. Akaja na kaniki yake iliyokunjwa, akanipa mkononi. "Shika kioo chako," akasema. "Sina haja nacho tena. Lakini nimekiharibu."

Nikafungua. Kichwa cha nyota kilikuwepo, cheupe, kidogo, safi. Mkia haukuwepo. Kidole changu hakikuwepo. Pale pote palikuwa pamesuguliwa mpaka kioo kimebaki kitupu.

"Kila habari ilipokuja," akasema, "niliweka kidole pale ulipoweka wewe."

Mjomba, ambaye kwa kioo kilichoguswa alikuwa tayari kugomba na kadhi, alifungua kinywa, akakifunga. Mume wangu akakichukua, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza huku na huku.

"Na hii si nyota ya kawaida tu?" akauliza.

"Sasa ndiyo," akasema shangazi yake, akamwambia anawe mikono, wali unapoa.